Kuundwa na Kufutwa kwa Jimbo la Uchaguzi la Tottori katika Baraza la Juu la Bunge la Japani, 1947–2015

Makala haya yanafafanua historia ya jimbo la uchaguzi la Tottori, lililopeleka wajumbe wake katika Baraza la Juu la Japani tangu mwaka 1947 hadi lilipofutwa kwa sheria ya mwaka 2015. Inadaiwa hapa kwamba jimbo hilo halikufutwa kwa kasoro yake lenyewe, bali kwa kuwa lilikuwa kipimo cha kasoro ya mfumo mzima.

Tottori ni mkoa wenye watu wachache kuliko mikoa yote 47 ya Japani. Mwaka 1947 kila mkoa ulifanywa jimbo. Katiba inaagiza nusu ya wajumbe wachaguliwe kila baada ya miaka mitatu. Hivyo, ili kila mkoa ushiriki katika kila uchaguzi, hakuna ulioweza kupewa viti pungufu ya viwili. Tottori ilipewa hivyo viwili, na idadi hiyo haikuweza kupunguzwa hata watu walipozidi kuhamia mijini. Uwiano kati ya jimbo lenye watu wengi zaidi kwa kiti na lile lenye wachache zaidi, uliokuwa mara 2.62 mwaka 1947, ulifikia mara 6.59 katika uchaguzi wa 1992. Mwaka 2010 kura moja ya Tottori ilikuwa na uzito wa kura tano za Kanagawa.

Oktoba 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba tofauti hiyo imefikia hali ya kukinzana na usawa unaodaiwa na katiba, ingawa haikubatilisha matokeo. Lililo zito zaidi ni kwamba ilitilia shaka mkoa wenyewe kuwa kipimo cha jimbo. Msimamo huo ulirudiwa Novemba 2014 kuhusu uchaguzi wa 2013, ambao uwiano wake ulikuwa mara 4.77. Mwaka uliofuata Bunge liliunganisha Tottori na Shimane, na Tokushima na Kochi. Katika uchaguzi wa 2016 uwiano ulishuka hadi mara 3.08.

Hata hivyo, jimbo jipya lina kiti kimoja tu katika kila uchaguzi, kigombaniwe na mikoa miwili. Mwaka 2016 kilichukuliwa na Aoki Kazuhiko, aliyekuwa akiiwakilisha Shimane. Sheria ya 2018 ikaviruhusu vyama kuwapa baadhi ya wagombea nafasi za mwanzo katika orodha ya kitaifa bila kujali kura zao binafsi. Chama cha LDP kiliitumia nafasi hiyo mara moja: mwaka 2019 Maitachi Shoji wa Tottori aligombea jimboni, naye Miura Yasushi wa Shimane akawekwa katika orodha, mwaka 2022 Aoki aligombea jimboni, na Fujii Kazuhiro wa Tottori akapita kwa orodha.

Kwa maoni yetu, huu ni mwafaka wa ndani ya chama, si haki ya wakazi. Anayeingia kwa njia hiyo hutegemea kura za chama chake nchini kote, wala wapigakura wa Tottori peke yao hawawezi kumwondoa.