Mshale Kwenda Mrama: Kosa la Mkono au la Upinde?

Ukitajiwa upinde bila shaka utawaza uta wa Mkamba, wa mti mmoja na upote mmoja. Ninaotaka kukueleza ni wa aina nyingine. Uliundwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, aliyeomba hataza yake mwaka wa 1966 na kupewa mwaka wa 1969. Wenyewe huuita kompaundi. Katika ncha zake mna magurudumu, nayo si duara kamili kama ya baiskeli bali yamechongwa mfano wa yai, na kebo huvuka kutoka huku hadi kule. Ukivuta, mwanzoni mzigo ni mzito kwelikweli. Ukifika mwisho magurudumu yanageuka na mzigo unapungua ghafla. Upinde wa ratili 45 ukipunguza asilimia 80, mkononi unabaki na ratili 9 tu. Hapo unalenga shabaha kwa raha zako. Usiniulize habari za kuwinda. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977. Huu ni mchezo.

Mjomba wangu anao mmoja, naye hunifunza wakati wa likizo. Likizo ya Agosti nusura aniachishe kabisa. Nilikuwa mita 30 kutoka kwenye shabaha, na mishale yangu ilitapakaa kama vifaranga walioona mwewe. Wa sita, loo! Ulipita juu ya kifusi cha udongo kilicho nyuma ya shabaha, ukaanguka karibu na zizi la mbuzi la jirani. Yule mzee hakutukana. Aliuleta mshale, akamkabidhi Mjomba bila neno, akaenda zake. Mjomba akaufungia upinde sandukuni na kutia ufunguo mfukoni. Nikaanza kujitetea: oh, upepo, oh, jua lilinipiga machoni.

“Tulia, mpwa wangu,” akasema. “Kesho tutaiuliza karatasi.”

Asubuhi tukapigilia fremu ya mbao na kuwamba ukurasa mmoja wa Taifa Leo. Nyuma yake, kama mita 2, tukaweka gunia lililoshindiliwa matambara. Nikasimama mita 2 mbele ya karatasi, nikafyatua. Mshale unaoruka sawa huacha tundu moja lenye michirizo mitatu ya manyoya (siku hizi ni ya plastiki), mfano wa unyayo wa kuku. Wangu uliacha tundu dogo la chembe, na juu yake mpasuko wa urefu wa kidole kizima, ukielekea kushoto. Maana yake mkia ulikuwa juu na pembeni. Mshale ulitoka ukiyumba tangu upoteni.

Kwanza tuliangalia magurudumu. Yanapaswa kufika mwisho pamoja. Moja likitangulia, mkia wa mshale hurushwa juu au chini. Yetu yalikuwa sawa, na afadhali, kwa sababu kuyarekebisha huhitaji mtambo wa kubana upinde. Asijaribu mtu kwa mikono mitupu! Pia usivute upote na kuuachia bila mshale, maana nguvu yote hurudi kwenye mbao na kebo, na upinde unaweza kupasuka mikononi mwako.

Mkia ukiwa juu, unateremsha mahali mshale unaposhika upote, au unainua kikalio cha mshale. Tukainua kikalio milimita 1. Mpasuko wa juu ukapungua nusu. Milimita nyingine, ukaisha. Sharti la Mjomba lilikuwa kubadilisha kitu kimoja tu, kisha kupiga mishale mitatu kabla ya kugusa kingine.

Lakini ule wa kushoto ulikataa katakata. Tukasogeza kikalio upande huu, ukazidi. Upande ule, ukapungua kidogo, basi. Tukapaka poda kwenye manyoya tuone kama yanagusa kikalio. Hayakugusa. Ndipo Mjomba akauliza, “Hii mishale umeitoa wapi?”

Nikainama. Niliitoa kwenye podo lake la zamani, kwa kuwa ina rangi nzuri.

Kumbe kila mshale una ukakamavu wake, na nambari yake huandikwa ubavuni. Huupata kwa kuulaza juu ya vihimili viwili vilivyoachana inchi 28 na kuning'iniza katikati uzito wa ratili 1.94. Ukipinda nusu inchi, ni 500. Ukipinda zaidi, nambari inapanda: yangu ilikuwa 700, laini mno. Uta wa mti mmoja huhitaji mshale upinde kidogo ili uuzunguke mti. Kompaundi imekatwa katikati, kwa hiyo mshale unaweza kukaa sambamba na upote, lakini bado ukisukumwa kwa nguvu kutoka nyuma hupinda kama ufito. Mshale laini hupinda kupita kiasi. Kuufupisha huukaza, chembe kizito huulegeza.

Tukachukua mishale ya 500. Unyayo wa kuku ukatokea, safi. Ufunguo ukatoka mfukoni.

Katika mashindano makubwa hupiga mita 50, na duara la alama 10 lina upana wa sentimita 8 tu. Mimi nilirudi mita 30 zangu. Mishale yote 6 ilikaa karibu karibu, miwili ikigusana manyoya. Jirani alikuja kutazama. Alisimama nyuma yetu, mbali kidogo, na mbuzi wake alikuwa amekwisha kuwahamishia upande wa pili wa nyumba.