Kikombe cha Enameli: Mbona Kinabanduka?

Bila shaka umewahi kuusikia ule mlio wa kikombe kikianguka kwenye sakafu ya bwalo, na wanafunzi wote wakapiga kelele. Siku moja kilichoanguka kilikuwa changu, nilichonunuliwa na nyanya hapa sokoni Kiirua nilipoingia Kidato cha Kwanza. Nilipokiokota, ganda jeupe lilikuwa limebanduka, doa jeusi likachungulia. Haukupita muda, kutu ikaingia.

Wengi hufikiri ganda hilo ni rangi. La hasha! Ni kioo. Unga wa kioo hupakwa juu ya chuma, kisha chombo hutiwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi. Unga huyeyuka ukashikamana na chuma. Kioo hakishiki kutu, lakini hakijui kupinda. Kikombe kikigongwa, chuma hubonyea, kioo hupasuka.

Je, mafundi hufanyaje ili kioo kistahimili? Kwanza, tabaka la chini hutiwa oksidi ya kobalti kidogo, nayo husaidia kioo kung'ang'ania chuma. Ule weusi unaouona palipobanduka mara nyingi ni mabaki ya tabaka hilo. Pili, huchagua kioo kinachonywea kidogo kuliko chuma wakati wa kupoa. Basi chuma kikinywea zaidi, hukibana kioo. Na kioo kilichobanwa hakipasuki upesi, kwa sababu ufa hufunguka kwa kuvutwa, si kwa kubanwa. Tatu, ganda hufanywa jembamba, maana likiwa nene hubanduka haraka. Nne, mdomo wa kikombe hukunjwa ukawa mviringo, kwani kwenye ukingo mkali ndiko ganda huanza kutoka.

Sasa nasi, jamani, tufanye letu. Tuache kugonga vikombe kwa vijiko tukingojea githeri. Tusiweke kikombe kitupu motoni, halafu tukakitia maji baridi ghafla. Na kikibanduka kwa ndani tusikinywee tena, kwani vipande vya kioo vyaweza kuingia kwenye uji.

Changu siku hizi kinapimia kuku mahindi nyumbani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa enameli hauzibiki kwa mikono yetu. Dawa yake ni kuuzuia usitokee.