Ukingo wa Ziwa Tanganyika, Mahali pa Malezi ya Samaki

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini hewa ya oksijeni huishia kati ya mita 100 na 200 kutoka juu. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Kwa kuwa kingo zake nyingi ni za mteremko mkali, maji ya kina kifupi ni ukanda mwembamba tu unaozunguka ziwa. Katika ukanda huo ndimo wanamokulia wengi wa samaki wanaouzwa katika mji wa Kalemie, ufukoni mwa ziwa.

Ndakala ni samaki wadogo wa aina mbili. Limnothrissa miodon hutaga karibu na ufuko, na watoto wake hukulia hapohapo. Stolothrissa tanganicae hutaga mbali na nchi kavu. Mayai huzama polepole na kuanguliwa kabla ya kufika kwenye maji yasiyo na hewa. Baadaye wachanga wake husogea ukingoni, kisha hurudi katikati ya ziwa wakishapata sentimeta chache. Sangala wadogo hujificha kwenye majani yaotayo majini, wasiliwe na samaki wakubwa. Mikebuka, ndugu zao, hukulia kwenye maji ya wazi.

Jambo la kwanza linaloamua ukuaji ni chakula. Samaki wachanga hula vijidudu vinavyoelea majini, na vijidudu hivyo hula mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo huhitaji rutuba iliyolala vilindini. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji baridi yenye rutuba hupanda upande wa kusini.

Joto nalo lina sehemu yake. Mwili wa samaki hufuata joto la maji: yakipata joto, samaki humeng'enya chakula haraka, lakini huhitaji chakula na hewa zaidi. Isitoshe, maji ya juu yanapozidi kupata joto huwa mepesi, na kuchanganyika na yale ya chini kunakuwa kugumu, hivyo rutuba haipandi kwa urahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo midogo ulikuwa umepungua kwa takribani asilimia 20 kutokana na ongezeko la joto.

Jambo la tatu ni udongo. Vilima vinapokatwa miti kwa ajili ya makaa na mashamba, mvua hushusha matope ziwani. Matope hufunika mawe na mchanga wa kutagia, huzuia mwanga usifikie mimea, na hupunguza maficho.

La mwisho ni nyavu. Kokoro na vyandarua vya mbu vinavyokokotwa ufukoni hubeba wachanga kabla hawajazaa hata mara moja. Sangala huhitaji miaka kadhaa kukomaa, hivyo hasara yake huchukua muda mrefu kufidiwa. Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kwa miezi mitatu kuanzia Mei 2024 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana.

Ndakala huliwa mzima, pamoja na mifupa yake, na kwa hiyo humpa mtoto protini na madini ya kalisi kwa bei ambayo familia nyingi huimudu. Upepo na joto haviko mikononi mwa mvuvi wa Kalemie. Miti ya vilimani, majani ya ukingoni na matundu ya wavu viko mikononi mwa watu, na hapo ndipo ulinzi wa samaki wachanga unapaswa kuanzia.