Kukwama, Kuganda na Kuzimika

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilidhihirika kwamba Kiswahili chaweza kuitumikia kompyuta. Majina ya hitilafu, hata hivyo, bado yanachanganywa: kila balaa huitwa “kuganda”.

Tunapendekeza tuwasikilize madereva wa Chalinze, inapochepuka barabara ya Segera kutoka ile ya Morogoro. Kwao, lori lililozama matopeni huku injini ikinguruma limekwama. Ambalo injini yake imenyamaza limezimika.

Vivyo hivyo katika Linux. Programu moja isipoitika ilhali kishale chatembea, imekwama: ifungwe hiyo peke yake. Kishale nacho kikisimama, dawati zima limeganda. Hata hapo mara nyingi mfumo u hai chini yake, na kubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja huweza kufungua uwanja wa kuandikia amri. Kuzimika tukuachie kukosekana kwa umeme. Asiyezitenganisha dhana hizi huchomoa waya, na barua isiyohifadhiwa ikapotea.

“Kunasa” tumeliacha makusudi, kwani limekwisha kutwaliwa na warekodi sauti.