Magari ya Kuinulia Mizigo katika Vichochoro vya Ghala

Upana wa kichochoro cha ghala haupimwi kwa mzigo upitao, bali kwa gari ligeukalo. Chaga ya mizigo ya kipimo kilichoenea ina urefu wa milimita 1,200 na upana wa milimita 1,000, nayo yaweza kupitishwa penye nafasi ya mita moja na kitu. Lakini gari liibebalo halina budi kuelekeza uma wake kwenye rafu kabla ya kuitua, na huko kugeuka ndiko kulako nafasi. Kwa hiyo aina za magari haya hubainika vema kwa swali moja: ni kitu gani kigeukacho?

Katika gari lililozoeleka, ambalo wafanyakazi huliita foklifti bila kuongeza neno, hugeuka gari zima. Mzigo hukaa mbele ya magurudumu, na nyuma pana chuma kizito cha kuulinganisha. Chuma hicho chastahili jina la farumi, ambalo mabaharia huwapa mawe na mchanga vitiwavyo chomboni kisipinduke. Ingawa kwa namna ya kazi yake chafanana zaidi na mzegazega. Magurudumu ya mbele ni bega, mzigo ni debe la mbele, na farumi ni debe la nyuma. Ubaya wa farumi ni kwamba hulirefusha gari, nalo huhitaji kichochoro cha mita 3.5 hadi 4. Tena huongozwa kwa magurudumu ya nyuma, hata mkia wake hufagia nje kila ligeukapo; aliyesimama ubavuni akidhani amekwisha pitwa yumo hatarini.

Gari la miguu limepunguza urefu huo. Miguu yake miwili hutangulia chini mbele, na mzigo huchukuliwa katikati ya magurudumu. Likifika penye rafu, mlingoti hutokeza mbele, hutua chaga, kisha hurudi ndani. Dereva huketi kiubavu, akaona mbele na nyuma bila kuiumiza shingo. Mita 2.7 hadi 3 hulitosha.

Gari la kiuno ni jingine. Hili lina farumi, lakini limekatwa katikati na kuungwa kwa bawaba, na sehemu ya mbele hugeukia rafu hali ya nyuma ikibaki imenyooka. Hufanya kazi katika mita 2 hivi, nalo laweza kutoka uani kupakua lori na kurudi kupanga mizigo, jambo ambalo gari la miguu, kwa udogo wa magurudumu yake, haliliwezi vizuri.

Mwisho ni gari ambalo hugeuka uma peke yake. Lenyewe husonga mbele na kurudi nyuma tu, likiongozwa na reli za pembeni au waya uliofukiwa sakafuni, katika nafasi ya mita 1.6 hadi 1.8. Baadhi yake humpandisha dereva pamoja na mzigo. Hapo sakafu huwa sehemu ya mashine. Magurudumu yakiachana kwa mita 1.2, na upande mmoja wa sakafu ukiwa chini kwa milimita 3 tu, mlingoti ulioinuka mita 12 huinama milimita 30 kileleni, kabla chuma hakijajipinda kwa uzito. Wala mtu wa miguu haruhusiwi kuingia kichochoroni likiwamo, maana baina yake na rafu hapana nafasi ya mwili.

Neno foklifti, likiachwa pekee, huyafunika yote manne, na dereva aliyefundishwa kwa moja hudhaniwa ameyajua yote. Mwenye ghala naye aagizaye “foklifti ya njia nyembamba” aweza kuletewa lolote kati ya matatu, hali rafu zake zimekwisha simamishwa. Na aliyezisimamisha kwa mita 1.7, gari lake moja la uma wa kugeuka likiharibika, mizigo yake hubaki juu mpaka litengenezwe. Gari la farumi la kuazima haliwezi kugeuka humo.