Mtindi Kichwani: Manufaa Yake na Mipaka Yake

Katika jiji la Bujumbura, hususan katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, wasusi hawakosi kazi, na dawa za nywele za kila namna hazikosi wanunuzi. Lakini si kila mama mwenye uwezo wa kununua dawa hizo, na si kila dawa iliyo salama. Ndiyo maana dawa moja ya nyumbani husifiwa sana: mtindi, yaani maziwa ya mgando. Yafaa basi tuitazame dawa hii kwa makini, tujue inaweza nini na haiwezi nini.

Kwa Warundi, kutafuta uzuri katika maziwa si jambo geni. Zamani, kabla ya mafuta ya viwandani kuenea, akina mama waliyasukasuka maziwa yaliyoganda ndani ya kibuyu kiitwacho igisabo mpaka siagi ikajitenga. Siagi hiyo, amavuta y'inka, ilipakwa mwilini na kichwani ili ngozi ing'are na nywele zisikauke. Maziwa yaliyobaki yalinywewa. Hivyo ngozi ilipata haki yake, na tumbo nalo likapata yake.

Mtindi hupatikana pale bakteria wanapoigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki. Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi huwa na kipimo cha 7. Vitu vichachu huwa chini ya hapo, na vitu vya magadi huwa juu. Mtindi huwa kati ya 4 na 4.6 hivi, ngozi ya kichwa huwa karibu 5.5, lakini sabuni ya mche hufika 9 au 10.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Unywele umefunikwa na magamba madogo mno, yaliyopangwa kama vigae vya paa. Sabuni kali huyainua magamba hayo. Nywele zikakwaruzana, zikafungamana na kukatika chanuo linapopita. Uchachu kidogo huyalaza tena, na mafuta ya maziwa hubaki juu ya unywele yakiulainisha. Nywele zetu za kipilipili hunufaika zaidi, kwa kuwa mafuta ya ngozi hayafiki kwa urahisi kwenye ncha za unywele uliojikunja.

Anayetaka kujaribu na atumie mtindi mtupu, usiotiwa sukari wala rangi, vijiko viwili au vitatu. Aoshe nywele kwanza na kuzikamua maji, kisha apake mtindi kuanzia katikati ya nywele hadi kwenye ncha. Baada ya dakika 20 asuuze kwa maji mengi ya uvuguvugu, kwani mabaki hutoa harufu mbaya. Mara moja kwa juma yatosha. Mwenye vidonda kichwani, au ambaye maziwa humdhuru, asijaribu.

Hata hivyo, tusiupe mtindi sifa usizostahili. Mtindi haukuzi nywele. Unywele huota kutoka kwenye shina lililo ndani ya ngozi, kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwezi, na sehemu tunayoiona haina uhai. Wala mtindi hauziponyi nywele zilizounguzwa na dawa kali za kunyoosha, ambazo baadhi yake hufika pH ya 12 na zaidi. Nywele hizo hapana budi kukatwa na kuachwa ziote upya. Kadhalika mapunye ya watoto ni ugonjwa wa kuvu unaohitaji dawa ya kumeza itolewayo na daktari. Kumpaka mtoto mtindi ni kumcheleweshea matibabu huku akiwaambukiza wenzake.

Liko na jambo lililo zito kuliko uzuri. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Maziwa ni miongoni mwa vyakula bora vya kumjenga mtoto, nayo si rahisi kupatikana katika kila nyumba. Kwa hiyo, panapokuwa na mtoto, kikombe cha mtindi ni chake kwanza. Mama anaweza kutumia yale yanayosalia kwenye kuta za chombo. Yasiposalia, kijiko kimoja cha siki katika lita moja ya maji kitafanya kazi ile ile ya kuyalaza magamba, na mafuta kidogo ya kupaka yatazilainisha nywele.

Nywele zilizotunzwa vizuri ni fahari ya mwanamke, na kuzitunza si anasa. Lakini fahari hiyo isigharimiwe na kikombe cha mtoto.