Je, Wajua? Ndomu Hubeba Lita 18, Hushindwa na Mafuta ya Mgando

Je, wajua kwamba kondomu ya upana wa kawaida ikijazwa upepo kiwandani isifikishe lita 18, imefeli mtihani? Hebu itazame ile ndoo yako ya lita 20. Karibu ijae! Na huo mpira una unene wa milimita 0.07 hivi tu.

Sasa shika kichwa. Jitu hilo huangushwa na mafuta ya mgando! Mwaka 1989 watafiti walionyesha kuwa sekunde 60 tu za mafuta kama ya watoto hupunguza nguvu ya mpira kwa asilimia 90 hivi. Ya nazi nayo yaache jikoni. Unataka utelezi? Tumia kilainishi cha maji.

Unamjua Falloppio, yule Mwitaliano ambaye mirija ya uzazi imepewa jina lake? Kitabu chake cha 1564 kinaeleza kifuko cha kitani kilicholowekwa dawa. Alidai wanaume 1,100 walikijaribu, asipate kaswende hata mmoja! (Sisi tumsikilize tu.)

Na wewe wa bodaboda, unayeikalia kondomu pochini kutwa juani, nakuona! Ikitunzwa mahali pakavu penye ubaridi, kondomu huweza kudumu hadi miaka 5. Joto na msuguano huiua kabla ya tarehe iliyoandikwa. Bonyeza pakiti kwa kidole gumba: usiposikia kamto ka hewa, tupa. Meno na mkasi pia weka mbali, chana kwa vidole.

Eti mbili ni salama zaidi ya moja? Thubutu! Zinasuguana, zinachanika. Hata ya kike na ya kiume hazivaliwi pamoja.

Katika Olimpiki ya Rio 2016 ziligawiwa kondomu 450,000. Usiniulize wanamichezo walishindana saa ngapi.

Hesabu nyingine hii. Wanawake 100 wakitegemea kondomu ya kiume kwa mwaka mzima, ikitumika vizuri kila mara, wawili tu ndio hupata mimba. Kwa matumizi yetu ya leo ndiyo, kesho tumesahau, ni 13. Hao 11 wa katikati usiwasingizie mpira.

Ikipasuka je? Dawa ya PEP, ya kuzuia VVU, huanzwa ndani ya saa 72, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri. Usingoje Jumatatu, nenda kituo cha afya sasa hivi.